Ukihamisha majedwali ya MySQL, kagua kwanza Ng'ambo

Orodha ya wateja wa Tabora ikishaingia kwenye seva mpya, usipoteze muda kuangalia majina ya kata kama Isevya, Cheyo au Gongoni. Herufi zake zote ni za ASCII (herufi za msingi za Kiingereza), baiti zake ni zilezile katika latin1 na UTF-8 (njia mbili za kuhifadhi herufi kama baiti), kwa hiyo zitafika salama hata ukikosea kila kitu. Kata ya Ng'ambo ndiyo itakayokuumbua, hasa kama karani aliinakili kutoka Word, ambayo huipinda ritifaa (alama iliyo kati ya Ng na ambo) kimyakimya. Ritifaa iliyonyooka (') ni baiti moja, 27 kwa heksadesimali. Iliyopinda (’) ni 92 katika latin1 ya MySQL (ambayo kwa kweli ni cp1252 ya Windows), na katika UTF-8 ni baiti tatu: E2 80 99.

Kasheshe iko hapa. Mifumo mingi ya zamani ninayoletewa ina jedwali la latin1, lakini programu ilikuwa ikituma UTF-8 huku ikijitambulisha kwa seva kuwa ni latin1. Seva haihoji, inahifadhi baiti jinsi zilivyo. Programu ikisoma inarudishiwa zilezile, skrini safi, bosi hana neno. Siku ya kuhama, mysqldump (zana ya MySQL ya kutoa data kwenye faili) inaamini ni latin1 kweli na kuzigeuza kwenda UTF-8: E2 inakuwa â, 80 inakuwa €, 99 inakuwa ™. Baiti tatu zimekuwa nane, na hakuna onyo hata moja.

Ndiyo maana siamini skrini. Nauliza baiti zenyewe:

SELECT HEX(kata) FROM wateja WHERE kata LIKE 'Ng%ambo';

4E67 ni Ng, kinachofuata ndicho cha kuangalia. Ukiona 4E6727, huna shida. 4E6792 ni latin1 halisi, mwachie mysqldump kazi yake. Ukiona 4E67E28099, jedwali linadanganya. Hapo natoa data kwa mysqldump yenye --default-character-set=latin1 na --skip-set-charset ili baiti zitoke bila kuguswa, nabadilisha CHARSET ndani ya CREATE TABLE iwe utf8mb4 (UTF-8 kamili ya MySQL), kisha naingiza kwa --default-character-set=utf8mb4.

Lililo baya kuliko yote ni jedwali lenye 92 na E28099 pamoja, kwa kuwa programu ilibadilishwa katikati ya safari. Hili halina njia ya mkato. Natenga rekodi kwa --where, natoa mafaili mawili, kila moja kwa njia yake. La pili liwe na --no-create-info, la sivyo amri ya kufuta jedwali, DROP TABLE, iliyo juu yake itafyeka rekodi za faili la kwanza ulizokwisha kuingiza.