Kromosomu ya bakteria haielei ovyo, wala haikuning'inizwa kwenye mesosomu

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza, na kuna dhana potofu ambazo kila mwaka nazikuta kwenye madaftari. Nyingine zimetoka kwenye vitabu vya zamani ambavyo bado vinapita mikononi mwa wanafunzi.

Dhana: Bakteria hana kiini, kwa hiyo DNA yake inaelea tu ndani ya seli.

Kiini kweli hana. Kuelea ndiko kusiko kweli. E. koli, yuleyule anayetafutwa maji ya ziwa yanapopimwa kama yameingiwa na kinyesi, ana kromosomu moja ya duara yenye jozi za besi zipatazo milioni 4.6. Ikinyooshwa inafika milimita 1.5 hivi, na seli yenyewe ina urefu wa maikromita 2 tu. Isingekunjwa kwa utaratibu isingeenea humo, seuze kunakiliwa na kugawanywa bila kukwama.

Wingi wa DNA ya bakteria unaonekana hata kwa macho. Mtaalamu wa maabara anayeshuku kipindupindu, ugonjwa ambao sisi wa mwambao wa ziwa tunaujua vizuri, huchota bakteria kidogo kwenye sahani ya kuoteshea na kuwakoroga juu ya slaidi ndani ya tone la kemikali iitwayo sodiamu deoksikoleti, ya asilimia 0.5. Seli zinapasuka. Muda si mrefu tone linakuwa zito, na akiinua polepole kitanzi cha waya alichokorogea, ute unakifuata juu, umevutika kama uzi. Ute ule ni DNA iliyotoka kwenye seli.

Ukunjaji wenyewe unaanzia kwenye msokoto. Shika kamba ya mtumbwi ncha zote mbili, uisokote kinyume na ilivyosokotwa: baada ya muda inajiviringa yenyewe na kuwa fupi. DNA ya bakteria hufanyiwa hivyo na kimeng'enya kiitwacho jairesi, kilichotangazwa mwaka 1976 na Martin Gellert na wenzake. Hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA katikati, kisha huziunga. Siprofloksasini, dawa inayouzwa karibu kila duka la dawa, hukinasa kimeng'enya hiki DNA ikiwa bado imekatwa, na bakteria anakufa. Protini nyingine, kama HU na Fis, huipinda DNA hapa na pale, na MukBEF hutengeneza vitanzi vikubwa.

Dhana: Kromosomu imeshikizwa kwenye mesosomu.

Mesosomu, yaani mikunjo ya utando wa seli inayochorwa ikiingia ndani, hazipo kwenye bakteria aliye hai. Ile mikunjo ya utando iliyoonekana kwa hadubini ya elektroni ilisababishwa na kemikali za kuandaa sampuli. Seli zikigandishwa kwa haraka bila kemikali hizo, haionekani. Naomba walimu wenzangu tuache kuichora.

Dhana: Utando ukikua, ndio unaozivuta nakala mbili za kromosomu zitengane.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1963 na François Jacob, Sydney Brenner na François Cuzin, na kwa wakati wake lilikuwa wazo zuri sana. Lakini miaka ya 1990, watafiti walipoweza kufuatilia DNA ndani ya seli hai, waliona sehemu ambazo unakili huanzia zikiachana haraka kuliko seli inavyorefuka.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba DNA haishikani na utando kabisa. Inashikana, mara nyingi kwa muda tu. Jeni la protini ya utando linaposomwa, RNA, yaani nakala ya jeni hilo, bado iko kwenye DNA, ribosomu zinazotengeneza protini zimeshaipanda, na protini inayotengenezwa imeanza kuingia kwenye utando. Kwa kitambo hicho vyote vimeungana.

Bakteria wa kipindupindu amekwenda mbali zaidi. Ana kromosomu mbili. Kwenye ncha ya seli kuna protini HubP iliyopenya utando, nayo, kupitia protini nyingine, huishikilia ile kubwa mahali unakili wake unapoanzia. HubP ikiondolewa, sehemu hiyo haikai tena nchani. Ile ndogo haiitegemei: unakili wake huanzia katikati ya seli.