Aliyeongeza dini hakuhama: Wabaha'i wa India

Nimetumiwa tena ile picha ya hekalu la yungiyungi la New Delhi, nyumba ya ibada ya dini ya Kibaha'i, na chini yake maneno yaleyale: "Mahindu kwa mamilioni wamesilimu Ubaha'i." Ndugu yangu, anayesilimu anaingia Uislamu, na Ubaha'i ni dini nyingine. Tuanzie hapo. Halafu mjuaji wa pili akajibu kwamba ni uongo mtupu, kwani sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wabaha'i 4,572 tu. Wote wawili wamenichosha.

Jengo lisikudanganye. Tangu lilipofunguliwa Desemba 1986, wanaoingia wengi ni watalii na familia za Kihindu zilizobeba viatu vyao kwenye mfuko. Wanakaa kimya chini ya petali za marumaru, wanatoka, wanapiga picha. Ndani hakuna sanamu wala mahubiri. Kuingia humo hakumbadilishi mtu dini.

Historia nitaipitia mbio. Baha'u'llah, Mwajemi aliyeanzisha dini hii karne ya 19, alimtuma mfuasi wake Jamal Effendi India miaka ya 1870. Kwa muda mrefu waliofuata walitoka hasa kwa Mashia na Wazoroasta wa miji kama Bombay na Poona. Mhindu kama Narayanrao Vakil, aliyeingia 1909, alikuwa nadra. Hadi mwanzoni mwa 1961, Wabaha'i wa India nzima hawakufika 1,000.

Halafu ikaja Malwa, kule Madhya Pradesh. Walimu wa dini waliacha kumbi za mjini, wakaingia vijijini, wakakaa chini na watu wa matabaka ya chini na kuimba bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu. Baha'u'llah akaitwa Bhagwan Baha, yule Kalki, avatar wa mwisho wa mungu Vishnu, anayengojewa na Wahindu mwishoni mwa Kali Yuga, zama hizi za uovu. Katika miaka kumi na kitu orodha ikapanda hadi laki kadhaa, na baadaye Wabaha'i wenyewe wakawa wanataja karibu milioni 2.

Sasa, hapa ndipo ninapokereka. Kiswahili chetu kina kusilimu, kuokoka, kubatizwa, kuritadi, na katika yote hayo unatoka nyumba moja unaingia nyingine na mlango unafungwa. Mwanakijiji wa Malwa hakuambiwa amtupe Krishna, mungu wake wa Kihindu. Angemtupaje, na Wabaha'i wenyewe wanamhesabu Krishna miongoni mwa wajumbe wakuu wa Mungu? Mchukue mama aliyeweka dole gumba kwenye kadi ya kujiunga. Jioni anamwimbia Bhagwan Baha, na picha ya Krishna iko palepale ukutani. Kwake yeye ameongeza. Kitabuni, Mbaha'i hawi na dini mbili. Kijijini hakuna aliyeona mbili.

Karani wa sensa akipiga hodi, fomu yake ina namba za dini sita kubwa, na Ubaha'i hauna yake. Lazima mtu autaje ndipo uandikwe kwenye "nyinginezo". Na kuna jambo wabishi hawaligusi kabisa: kwa amri ya 1950, nafasi maalumu za masomo na kazi kwa Wadalit, watu wa matabaka ya chini kabisa, zilikuwa za walio Wahindu tu. Masikh wakaongezwa 1956, Wabudha 1990. Mbaha'i hayumo. Wewe, mwanao akitafuta nafasi chuoni, ungemjibu nini karani?

Kwa hiyo 4,572 ni idadi ya waliojitaja, na milioni 2 ni idadi ya waliowahi kuandikishwa. Hakuna hata moja iliyopima imani, na mimi ninayelipwa kusoma mambo haya sina kipimo kilicho bora.

Nakiri pia kwamba neno "avatar" linanisumbua. Kwa Mhindu, avatar ni Mungu mwenyewe aliyeshuka. Kwa Mbaha'i, mjumbe ni kioo kinachoakisi jua, na jua halishuki ndani ya kioo. Tena Ubaha'i haukubali kuzaliwa upya duniani. Nikisoma bhajan za Malwa, siku nyingine naona tafsiri ya werevu mno. Siku nyingine naona watu wawili wanaopeana mikono, kila mmoja akidhani mwenzake amekubali jambo ambalo hakulisema.

Picha, tafadhali, msinitumie tena.