Kwenda kumjulia hali mgonjwa: maswali tunayoulizwa wodini

Mimi ni mzima. Nitampelekea mgonjwa vijidudu gani?

Mtu mzima hubeba vimelea puani na kwenye ngozi bila kuumwa. Kwako havina neno. Kwa aliyetoka kupasuliwa, au mwenye dripu au mpira wa mkojo, vimeshapata mlango wa kuingilia. Na mkono wako umetoka wapi? Kwenye bomba la daladala, noti za nauli, simu, kitasa cha mlango wa wodi. Huohuo ndio unaompapasa mgonjwa usoni. Mwaka 1847 kule Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Mkono ni uleule hadi leo.

Ninawe wakati gani?

Kabla ya kumgusa, na tena ukitoka. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60, usugue katikati ya vidole, gumba na ncha za vidole. Kitakasa mikono ni sekunde 20 hadi 30, mpaka kikauke chenyewe. Wengi hupaka kiganjani tu kisha wakafutia nguo. Kama mgonjwa anahara, tumia sabuni na maji, kwa sababu vimelea vingine vya kuhara haviuawi na spiriti iliyomo kwenye kitakasa.

Nina mafua, lakini aliyelazwa ni mama yangu. Nisiende?

Ni uchungu, lakini usiende. Mpigie simu, chakula apeleke ndugu mwingine. Ukiwa unahara au kutapika, subiri saa 48 tangu hali hiyo ikome. Kikohozi kilichofika wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu kwanza. Ikiwa huna budi kwenda, mwambie muuguzi kabla hujaingia, naye atakuelekeza na kukupa barakoa.

Je, ni vibaya kuwapa pole wagonjwa wengine?

Pole wape, ni utu wetu, na yupo ambaye hajaonwa na mtu tangu asubuhi. Ila wape kwa mdomo. Anayeshikana mikono kitanda hadi kitanda huokota vimelea vya huyu akamwachia yule, na wa mwisho hupokea vya wodi nzima.

Hakuna kiti. Nikae kitandani?

Simama, au omba kiti kwa muuguzi. Kapu lililotoka sakafuni usilipandishe kitandani. Usiguse kidonda, bandeji wala dripu, hata ukiona imelegea, mwite muuguzi.

Watoto wanamlilia bibi yao.

Wadogo sana waacheni nyumbani. Hushika kila kitu na kupeleka vidole mdomoni, na wao wenyewe huambukizwa upesi. Wapigieni simu waongee na bibi; sauti ya mjukuu ataifurahia vilevile.