Fundi, faili ninalo, niingizie tu

Shikamoo, marahaba, na kabla hata hajaketi kijana ameshatoa flashi mfukoni. Forester yake ya turbo iko mlangoni, hapa Ngamiani, Tanga, sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Ndani ya flashi kuna faili la kuipangia injini mafuta na muda wa kuwasha moto, amelipata mtandaoni kwa jamaa wa Uingereza mwenye gari kama lake. Niliingize tu kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, anasema, gari litachanganya balaa.

Nikamwomba afungue kifuniko cha tangi. Ndani kuna stika ya Kijapani. Ana gari hilo mwaka wa pili, hajawahi kuuliza imeandikwa nini. Inamwambia aweke petroli ya oktani ya juu. Japani petroli ni ya daraja mbili: ya kawaida, ambayo kwa viwango vyao haiendi chini ya 89, na ya juu, isiyokwenda chini ya 96. Injini yake ilipangwa inywe hiyo ya pili. Naye jamaa wa Uingereza, kituo cha jirani kinamuuzia 97 au 99, na faili lake kalitengeneza kwa mafuta hayo. Nikamuuliza kijana, hii unayojaza Tanga ni oktani ngapi? Akanitajia bei.

Oktani ni uvumilivu wa petroli kabla haijajilipukia. Plagi huwasha moto pistoni ikiwa bado inapanda, nyuzi 10, 20, wakati mwingine 30 za mzunguko wa krenki kabla ya kufika juu, kwa sababu moto nao unahitaji muda wa kuenea. Ukiwahisha taimingi, yaani huo muda wa kuwasha, unapata nguvu zaidi, lakini mpaka mahali fulani. Ukipapita hapo, mafuta ambayo moto haujayafikia yanalipuka yenyewe, na unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Huo ndio wenzetu wanaouita noki. Huku kwetu "injini imenoki" maana yake tuanze kuchanga pesa ya nyingine. Kwa hiyo kijana akisoma mahali kwamba gari la fulani lilinoki kidogo akapunguza digrii mbili, haelewi kwamba mwenzake alisikia kilio mapema, akakiheshimu.

Sisemi kazi hii usiifanye mwenyewe. Mimi nilijifunzia kwenye gari langu, na ada niliilipa kwa kontroli boksi. Nilikuwa naandika faili, betri nimeifunga kwenye chaja ili volti zisishuke katikati, kijana wangu akachomoa chaja ukutani achomeke simu. Volti zikaanguka, uandishi ukakatika, gari likawa bubu kabisa. Tangu siku hiyo soketi ile ina kufuli. Kweli!

Kipimo changu ni kimoja: fanya mwenyewe kile unachoweza kukipima. Na kuna mengi. Kile kifaa kidogo cha bluetuthi kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na simu yako, kinakuonyesha joto la hewa inayoingia, taimingi, na trimu ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hugoma kuzungumza nacho, hapo utahitaji mashine ya fundi. Trimu ikicheza karibu na sifuri, vizuri. Ikiwa +15 au +20 kwenye sailensi halafu inapungua ukikanyaga, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Ikiongezeka kadiri unavyokanyaga, shuku pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Kusafisha sensa hiyo kwa dawa yake, kubadili plagi, kubadili eya klina, hayo hayahitaji mimi.

Unapofika kwenye mafuta ya mwendo wa kukanyaga mpaka chini, mambo yanabadilika. Petroli huungua sawasawa kwa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Lakini kwenye nguvu kamili, hasa gari la turbo, unataka mafuta zaidi, karibu na 12 kwa moja au hata chini ya hapo kidogo, ili kupoza chumba cha moto. Sensa ya oksijeni ya kawaida inajua 14.7 tu, nje ya hapo inakwambia "mengi" au "machache" basi. Kutyuni kwa sensa hiyo ni kupika pilau gizani. Unahitaji waidibendi kwenye ekzosi, sensa inayosoma mchanganyiko wote na si 14.7 peke yake, na hedifoni zilizofungwa kwenye bloku ya injini kusikiliza zile kokoto, maana ndani ya gari na muziki hutazisikia.

Dizeli ni kinyume, na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa. Injini ya petroli ikipungukiwa mafuta ndipo inapochemka; ya dizeli ikizidishiwa. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, haina kompyuta wala turbo ya kiwandani. Ina skrubu ya kuongeza dizeli nyuma ya pampu, na bisibisi kila mtu anayo. Mtu anafunga turbo, anaongeza dizeli, gari linaanza kuchanganya, moshi mweusi nyuma anauona ni sifa. Kisha anapakia mifuko ya saruji kwenda Lushoto. Kuanzia Mombo ni mlima mtupu, hewa inazidi kuwa nyepesi, injini iko kwenye mzigo dakika kumi na tano bila kupumua. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni inaponea kwa sababu oili na maji vinaipoza, lakini moshi ukikaa muda mrefu juu ya nyuzi 700 unacheza na bahati. Geji ya joto la moshi ni bei ndogo ukilinganisha na pistoni sita.

Mimi sina dainamomita, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari. Huo mlima ndio wangu: gia ya pili, kanyaga, mlima unanipa mzigo bila kunipa kasi, mwenzangu anasoma kompyuta, mimi naangalia barabara. Naongeza nusu digrii, narudia palepale. Nguvu ikiacha kuongezeka nasimama, hata kama hakuna kokoto. Halafu narudi Tanga mchana wa Februari, hewa ya kuingia imepita nyuzi 45, narudia tena. Ni siku mbili, na wateja hawapendi. Wanadhani ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, ni tangazo la gereji.

Ukimlipa fundi, basi, mdai rekodi za kabla na baada, na nakala ya faili la kiwandani. Akikuchomekea laptopu dakika ishirini na kukudai pesa bila kuendesha gari, amefanya kile kile ulichotaka kufanya na flashi yako, tofauti ni kwamba umelipa.

Forester tuliipima kwanza. Trimu +18 kwenye sailensi. Mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye sensa kwenda turbo, ulikuwa umechanika upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Tukabadili mpira na plagi, trimu ikarudi +3, sailensi ikatulia. Akazunguka nayo mpaka Raskazone, akarudi anacheka, akalipa, akaondoka. Flashi kaisahau kwenye benchi.

Juzi kapiga simu kuiulizia. Anataka singeli zake.