Je, wajua kwa nini filamu ya kitabu ukipendacho hukuvunja moyo?

Mpwa wangu alisoma Vuta N'kuvute akiwa kidato cha tano, hapa Mtwara. Kilikuwa kimoja kati ya vitabu vya fasihi walivyopangiwa, na wenzake wengi walikisoma kwa ajili ya mtihani tu: mhusika mkuu ni nani, dhamira ni zipi, basi. Yeye alikipenda. Likizo ilipofika akakirudia, amejilaza kwenye mkeka barazani kwa bibi yake Mikindani, ukimwita kula hasikii. Kwa hiyo siku tulipokaa kuitazama filamu iliyotokana na riwaya ile, mimi nilikuwa namwangalia yeye kuliko kioo. Hazikupita dakika kumi akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Mjomba, huyu si Denge."

Denge ni mmoja wa wahusika wakuu wa riwaya ile. Nikamuuliza, Denge wako yukoje? Akaanza, "Denge ni..." akanyamaza. Akajaribu tena, akashindwa. Hakuwa na uwezo wa kunieleza pua yake wala rangi ya shati lake. Alijua tu kwamba siye.

Filamu yenyewe si ya kubezwa hata kidogo. Adam Shafi aliitoa riwaya mwaka 1999, Amil Shivji akaitengenezea filamu iliyotoka 2021, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Mimi niliipenda. Lakini uso wa mpwa wangu, binti yule, ulinikaa kichwani kwa siku kadhaa, kwa sababu nami nimewahi kuumia vilevile kwa vitabu vingine, na najua watu wengi walioumia. Huwa tunamlaumu mwongozaji, tunamlaumu mwigizaji, tunasema wametuharibia kitabu. Ukilichunguza jambo lenyewe, utakuta lawama nyingi haziwahusu.

Anza na kile kinachotokea mtu anaposoma. Mwandishi hatoi picha, anatoa maneno, tena machache. Akiandika "kijana mrefu, mwembamba," kila msomaji ana mrefu wake: mmoja anamchukua kaka yake, mwingine kondakta wa basi la Masasi, mwingine mtu aliyemwona mara moja stendi akamsahau. Hadithi ya Vuta N'kuvute inatokea Zanzibar wakati wa Mwingereza, na mpwa wangu hajawahi kufika Zanzibar. Nikamuuliza kuhusu mhusika mwingine: sasa nyumba ya Mwajuma uliiona wapi? Hapo hakusita. Iko Mikindani, akasema, kwenye uchochoro unaoteremka baharini nyuma ya kwa bibi, penye ukuta wa mawe ya matumbawe uliobanduka chokaa. Na kulikuwa na harufu? Ilikuwepo, ya moshi wa korosho, ule mkali unaowasha macho pale bibi anapozichoma kwenye karai lililotobolewa kabla ya kuzibangua.

Basi Ng'ambo ya binti huyu, ule mtaa wa Zanzibar anakokaa Mwajuma, ilinuka moshi wa korosho. Mwongozaji gani duniani angeweza kuipiga picha hiyo? Angepata wapi lile karai?

Ndiyo maana nasema filamu ya kitabu huwa haiji kwanza hata siku moja. Ya kwanza ilishachezwa kichwani mwa msomaji, bure, kwa waigizaji aliowachagua mwenyewe, mahali alipopapenda tangu utotoni. Hii iliyotengenezwa kwa fedha na kamera inaingia kama mgeni anayekuta kiti kimeshakaliwa.

Halafu kuna suala la muda, na hapa hesabu ni ngumu kuliko wengi tunavyodhani. Riwaya ya kurasa 300 ina maneno kama 80,000. Ukimsomea mtu kwa sauti, bila kukimbia, utaanza saa 3 asubuhi na utamaliza jua likizama, na hapo hujasimama kula. Filamu ina saa mbili. Waandishi wa skripti wana kipimo chao cha siku nyingi kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo wana kurasa 120, tena kurasa zenye nafasi nyeupe nyingi, mazungumzo mafupimafupi yamekaa katikati. Lazima kitu kitoke.

Kuna mtu aliwahi kukataa kutoa kitu. Erich von Stroheim, Marekani, aliichukua riwaya ya Frank Norris iitwayo McTeague akataka kuipiga picha karibu yote kama ilivyoandikwa. Alipounganisha vipande vyake kwa mara ya kwanza, akawa na filamu ya saa 8 au zaidi. Kampuni ikamnyang'anya, ikaikata, ikaiita Greed na kuitoa mwaka 1924 ikiwa na zaidi kidogo ya saa 2. Vile vipande vilivyokatwa vilipotea, na mpaka leo havijaonekana.

Kinachokatwa mara nyingi ni cha pembeni: rafiki wa mhusika, safari isiyoongeza kitu kwenye kisa, mzaha wa jikoni. Kwa mtengeneza filamu hivyo ndivyo vyepesi kutoa, kwa kuwa hadithi inasimama bila hivyo. Kwa msomaji, hivyo ndivyo alivyokaa navyo muda mrefu. Bibi yetu alikuwa akisimulia hadithi usiku, naye akiita "Hadithi, hadithi!" tunaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Usiku mmoja alikuwa amechoka, akapitiliza mahali sungura anapojipaka tope ili fisi asimtambue. Kisa hakikuharibika. Sungura alishinda kama kawaida. Lakini sisi tulisimama wote: "Bibi, umeruka! Tope!" Ikabidi arudi nyuma, ampake sungura tope, ndipo tukalala.

Na kuongeza nako kunauma. The Hobbit ni kitabu kimoja cha watoto, wala si kinene. Kati ya 2012 na 2014 kilitengenezewa filamu tatu, jumla yake karibu saa 8. Muda wa kuonyesha kila kitu ulikuwepo, ukabaki mpaka ukajazwa na mambo ambayo hayamo kitabuni, na wapenzi wa kitabu walilalamika sana.

Kinachopotea zaidi ya yote, kwa maoni yangu, ni sauti ya ndani. Kitabuni unaweza kuandika: "Alisema karibu, moyoni akiomba mgeni asikae." Sentensi moja, mambo mawili. Kwenye filamu mwigizaji anasema "karibu," na lile la moyoni ni lazima lipite kwenye jicho, au kwenye mkono unaochelewa kusogeza kiti. Mwigizaji hodari analifikisha. Asiye hodari anabaki amesema karibu tu. Riwaya zetu nyingi za Kiswahili zimejaa watu wanaowaza, wanaojilaumu, wanaokumbuka usiku kitandani, na kamera haina pa kuingilia humo.

Jambo hili tulilijua kwenye mabanda ya video bila kufundishwa. Nilipokuwa mdogo, filamu za nje zilitujia zikiwa zimetiwa maneno ya Kiswahili, na sauti tuliyoitafuta ilikuwa ya mtia maneno Lufufu. Hakuwa akitafsiri mazungumzo peke yake. Alieleza, alionya, aliongeza methali, alikwambia steringi anafikiria nini wakati steringi mwenyewe amekaa kimya anatazama mlima. Alikuwa anairudishia filamu ile sauti ya ndani ambayo kamera haikuweza kuipata. Tukiletewa filamu ileile bila Lufufu, tuliona imepoa.

Je, dawa ni mwandishi atengeneze filamu yake mwenyewe? Yupo aliyefanya hivyo. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mwandishi mwenye jina alipoamua kujifunza utengenezaji wa filamu, kwa sababu vitabu vyake vilikuwa kwa Kifaransa na watu wake wengi hawakuweza kuvisoma. Xala aliitoa kama riwaya 1973, na 1975 akaigeuza filamu, watu wakimsikia kwa Kiwolofu na Kifaransa. Kwa mtazamaji ambaye hakuwahi kukishika kitabu, filamu ile ndiyo ya kwanza. Kiti kilikuwa wazi. Nadhani hilo linaeleza mengi: filamu ileile inayomuumiza msomaji inamfurahisha jirani yake aliyekaa benchi moja naye.

Na zile za "pati tuu", yaani sehemu ya pili ya filamu, je, nazo kwa nini hutuvunja moyo? Siziongelei Bongo Movie za enzi za DVD zilizouzwa diski mbili. Ile ilikuwa hadithi moja imekatwa katikati ili inunuliwe mara mbili. Naongelea filamu iliyokwisha, ikapendwa, kisha miaka ikapita wakaileta tena.

Hapa jibu moja liko mashambani kwetu. Nenda Newala au Tandahimba msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, umwambie mkulima akuonyeshe mkorosho uliozaa kuliko yote mwaka huu. Uwekee alama. Mwakani rudi kwenye mti huohuo. Mara nyingi utakuta umezaa pungufu, na mkulima hatashangaa. Mti ni mzuri, ndiyo, lakini mwaka ule mambo yote yalikubaliana: mvua haikunyesha kwenye maua, dawa ya salfa ilipulizwa kwa wakati, ugonjwa wa ubwiriunga haukushika. Ulichagua mti ukiwa kwenye kilele chake. Kutoka kileleni, njia iliyo wazi ni ya kuteremka. Watu wa takwimu wanaliita jambo hili kurudi kwenye wastani.

Filamu nazo ni hivyohivyo. Hakuna anayetia fedha kwenye sehemu ya pili ya filamu iliyomtia hasara. Kila ya pili unayoiona imezaliwa na ya kwanza iliyofana kupita kawaida, yaani skripti nzuri, mwigizaji sahihi na bahati, vyote siku moja. Ya pili ikiwa nzuri tu, nzuri ya kawaida, tayari tunaiona imeshindwa.

Sababu nyingine inanigusa zaidi. Aliyewahi kuogelea Shangani ya hapa Mtwara jioni, maji yameshakuwa meusi, kitu laini kikamgusa mguuni, ataielewa upesi. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, filamu ya papa anayeua watu, alikuwa na papa wa mashine aliyeharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Ikabidi apige picha bila papa. Akatumia muziki, akatumia mapipa ya njano yanayokokotwa juu ya maji na kitu usichokiona. Zaidi ya saa nzima inapita kabla papa hajaonekana sawasawa, na muda wote huo mtazamaji anamtengeneza papa wake mwenyewe kichwani, mkubwa kuliko mashine yoyote. Filamu ilitoka 1975 na watu wakaogopa bahari. Zikafuata nyingine tatu, 1978, 1983 na 1987, Spielberg hakuongoza hata moja. Zilikuwa na papa wa kutosha. Lakini sasa tulishamjua. Ile kazi tuliyoifanya wenyewe gizani, ya kumwumba, tulikuwa tumeshaimaliza, na hakuna mtu anayeweza kuanza upya kutokujua.

Ziko za pili zilizosimama. The Godfather ya 1972 ilitokana na riwaya ya Mario Puzo, na sehemu yake ya pili ya 1974 ikawa ya kwanza ya aina yake kupata Oscar ya filamu bora. Ukiitazama utaona haikurudia tu. Riwaya ile ilikuwa na maisha ya ujana ya baba wa familia, kisa ambacho filamu ya kwanza haikukigusa. Kulikuwa bado na kitu ndani ya chungu. Ya pili nyingi hupikwa kwa kukwangua ukoko.

Mpwa wangu yuko chuo sasa. Juzi alikuja likizo Mikindani, nikamkuta barazani na kile kitabu tena, jalada limeshatoka. Nikamuuliza Denge anaendeleaje. Akasema Denge amepotea, yule wake wa zamani: akimtafuta kwenye kurasa anamwona yule mwigizaji, na sauti ni ya mwigizaji, hana namna. Ila akifika kwa Mwajuma, akasema, anateremka uchochoro uleule, ukuta umebanduka chokaa palepale, na moshi upo.