Picha "imeungua" maana yake nini

Piga picha ya machweo pale Kamanga, Mwanza, jua likishuka upande wa Jiwe la Bismarck, kisha uipitishe kwa wenzako. Mmoja atasema kali sana. Mwingine ataivuta kwa vidole viwili, ataangalia anga, atakurudishia simu: "Imeungua hapa juu." Kwetu sisi tunaopiga picha za ziwa na miamba kwa mapenzi tu, hakuna hukumu inayotolewa haraka kama hiyo, na hakuna inayokosewa mara nyingi kama hiyo. Nimeisikia ikitolewa kwa picha ya saa saba mchana, kwa picha iliyopauka, hata kwa picha ya ukungu wa asubuhi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kuungua ni jambo moja tu. Ni pale mwanga uliofika kwenye kamera unapozidi kipimo cha juu kabisa ambacho kamera inaweza kuandika, sehemu hiyo ikabaki tupu. Tupu na nyeupe ni vitu viwili. Shati jeupe lililopigwa vizuri lina mikunjo, lina kivuli chini ya kola, lina mstari wa mshono. Shati lililoungua halina chochote. Ni tundu lenye umbo la shati.

Neno lenyewe limeanza kabla ya simu. Waliokulia enzi za mkanda wanakumbuka: unapeleka studio mkanda wa picha 36, unarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha za harusi, unaambiwa mkanda umeungua. Kuna mtu alifungua mgongo wa kamera kabla mkanda haujarudishwa wote ndani ya kopo lake, mwanga ukaingia, harusi ikapotea. Kuungua kule kulikuwa ajali, na kulikula mkanda mzima au kipande kizima. Kwa leo kunachagua: kunakula wingu moja, paji la uso, mgongo wa ndege, na kuacha sehemu nyingine salama. Kilichobaki vilevile ni kwamba kilichoungua hakirudi.

Kwa nini hakirudi? Chukulia umepanga sado uani, maelfu kwa maelfu, zimebanana, mvua ya masika inanyesha. Mvua ikikatika unapita na rula. Sado yenye robo unaandika robo, yenye nusu unaandika nusu. Ukifika kwenye sado iliyofurika unaandika "imejaa", basi. Huwezi kujua kama hapo iliingia sado moja na nusu au sado kumi. Jirani yake nayo ikiwa imejaa, zote mbili unaziandika sawa, hata kama moja ilinyeshewa mara tatu ya mwenzake. Ndani ya kamera kuna kibapa chenye vijishimo vingi sana, mamilioni, vinavyofanya kazi hiyo kwa mwanga. Wingu tunaliona kuwa wingu kwa sababu upande huu lina mwanga zaidi kidogo kuliko upande ule. Sado zote zikifurika, tofauti ile inamwagika chini, na wingu linakwenda nayo.

Picha ya kawaida ya JPEG huandika kila nukta kwa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Hiyo 255 ndiyo sado iliyojaa. Zote tatu zikifika hapo, nukta inakuwa nyeupe tupu. Machweo ndiyo yanayotega watu hapa, maana rangi hazijai kwa pamoja. Tuseme sehemu ya anga yenye rangi ya chungwa ina nyekundu 240, kijani 130, bluu 40. Kamera ikiongeza mwanga, nyekundu inagonga 255 na kukwama. Kijani haijakwama, inaendelea kupanda: 150, 180, 210. Nyekundu iliyokwama ikikutana na kijani inayopanda, kinachotoka ni njano. Ndiyo maana kuzunguka jua unaona duara la njano bapa, kama rangi ya ukuta, lenye ukingo mkali, mahali ambapo macho yako yaliona chungwa likififia polepole kuelekea waridi. Wengi hudhani simu imejipakia rangi zake. Ukweli ni kwamba sehemu hiyo imeungua nusu, rangi moja imefika mwisho na mbili bado zinakwenda. Mwenzako akikuambia "rangi ya hapa kwenye jua siielewi", msikilize. Huenda ameliona tatizo hili hata kama hajui jina lake.

Kuthibitisha ni rahisi. Fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, tafuta kitelezi kinachoshusha sehemu zenye mwanga mkali, kivute hadi mwisho. Mawingu yakijitokeza, picha ilikuwa na mwanga mwingi tu na aliyesema imeungua alikosea. Weupe ukigeuka kijivu cha majivu, bila mkunjo wala mstari, imeungua kweli. Rudisha kitelezi ulikokitoa, maana kijivu kile kinachukiza zaidi kuliko weupe wenyewe. Wanaotumia faili ghafi, ile inayoandikwa RAW kwenye menyu ya kamera, wana nafasi kidogo zaidi. Kamera inapotengeneza JPEG huwa inakata sehemu ya juu ya mwanga, na faili ghafi hubaki na kile kilichokatwa. Lakini hata huko, sado ikishafurika imefurika.

Swali ninalolijali kuliko yote ni hili: kimeungua nini?

Siku moja saa sita mchana nilikuwa Igombe. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, eneo lote hadi karibu na maji, na mama mmoja alikuwa akiwageuza. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa, nikapiga. Nyumbani nikakuta dagaa wote wamekuwa shuka jeupe. Ukimshika dagaa mmoja mkononi unaona ubavu wa fedha na jicho jeusi kama punje. Kwenye picha yangu hapakuwa na jicho hata moja. Nikarudi wiki iliyofuata saa mbili asubuhi, jua likiwa chini na linapiga kutoka ubavuni. Safari hii kila dagaa alikuwa na nukta moja inayowaka mgongoni. Nukta hizo zimeungua, namba zake ni 255 kila upande, na sizigusi, kwa sababu pembeni ya kila nukta kuna samaki.

Mng'ao wa jua juu ya magamba, bati jipya au mgongo wa wimbi una haki ya kuungua. Ukiuondoa, maji yanaonekana kama saruji. Jua lenyewe vilevile: hakuna simu itakayoandika uso wa jua na ubao wa mtumbwi ulio mbele yake kwa pigo moja, na anayekukosoa kwa sababu jua limeungua anadai kisichowezekana. Lakini mawingu yakiungua nusu ya anga, picha ya mandhari imepoteza mwili wake. Na ngozi ya mtu ikiungua, kwangu mimi picha hiyo imeharibika, haijalishi ziwa nyuma yake limetoka vipi.

Kosa linaanzia kwenye namna kamera inavyokisia. Kwa asili yake hutazama mandhari yote na kuchukulia kwamba wastani wake unapaswa kuwa wa katikati, si giza si mwanga. Yangeyange akisimama juu ya mwamba mweusi uliolowa, kamera inaona giza tele, inaongeza mwanga, na yangeyange anabaki karatasi yenye miguu. Yangeyange yuleyule mbele ya anga jeupe atatoka mweusi kama kunguru. Miamba yetu ya itale hufanya hivyo hivyo: jioni inakuwa kivuli kizito, kamera inajitahidi kuiangaza, anga inalipa gharama.

Uso wa mtu nao una hadithi yake. Simu za siku hizi zinatambua uso na kuupa kipaumbele, kwa hiyo dada yako akisimama kulipa jua kisogo, simu inamwangaza yeye na anga inakwenda. Kisha wahakiki wanasema: "Anga imeungua, ungepunguza." Ukipunguza, ngozi yake nyeusi inazama gizani na hajulikani ni nani. Mimi ningemwambia mpiga picha kitu kingine: mgeuze kidogo, robo tu, mwanga wa jua ushike shavu moja. Ngozi yetu hupokea mwanga ule wa jioni vizuri mno, unateleza kuanzia kwenye kipaji hadi kidevuni, na ukishaupata huo hutahitaji kuongeza mwanga mwingi hata anga iungue. Kama haiwezekani, chagua. Picha ya dada yako ni ya dada yako, acha anga iungue.

Kwa picha ya mandhari, kinga yake ni kupima anga badala ya ardhi. Gusa kioo cha simu pale kwenye mawingu angavu, pembeni ya jua, kisha vuta ile alama ya jua kwenda chini hadi uone mistari ya mawingu. Miamba itakuwa nyeusi, usiogope. Giza linaweza kunyanyuliwa baadaye kwenye kuhariri, ingawa huja na chenga kama za televisheni iliyokosa antena, kwa hiyo usishushe kupita kiasi. Kamera nyingi pia zina grafu ya mwanga: mlima wake ukiwa umebanwa kwenye ukuta wa kulia, kuna kinachoungua.

Na uwe mwepesi. Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, na huku jua linashuka karibu wima, nyuzi moja kila dakika nne. Kutoka kwenye mwanga mkali hadi jua kugusa vilima vya ng'ambo ya ghuba haipiti nusu saa. Kipimo ulichoweka saa kumi na mbili na nusu hakitafaa dakika kumi baadaye. Pima upya kila mara.

Tatizo hili lilianza siku nyingi. Mfaransa Gustave Le Gray, alipopiga picha za bahari miaka ya 1856 na 1857, alitumia vioo vilivyopakwa dawa iliyoshika sana mwanga wa bluu. Akiacha mwanga uwatoshe mawimbi, anga inaungua. Akiilinda anga, bahari inakuwa giza. Baadhi ya picha zake alizitengeneza kwa vioo viwili, kimoja cha anga na kimoja cha maji, akaviunganisha kwenye mstari wa upeo. Simu yako hufanya jambo la ukoo huo inapoandika HDR: hupiga kadhaa kwa mkupuo, zenye mwanga tofauti, na kuchukua sehemu nzuri ya kila moja.

Tiba hii ya kuokoa anga ina sumu yake. Anga kwenye maji huwa na giza kidogo kuliko anga yenyewe, maana maji hayarudishi mwanga wote. Mtu akishaogopa kuungua, huivuta anga chini mpaka inakuwa nzito kuliko taswira yake ziwani. Mtazamaji hatajua kusema ni nini, lakini atahisi anadanganywa. Ninaona hili zaidi kuliko kuungua kwenyewe siku hizi, na huwa nalitaja kwanza.

Kwa hiyo ukiombwa maoni, sema mahali na sema kitu. "Kaka, wingu la kushoto juu ya kilima limeungua, halina mstari, lakini lile la kulia bado liko hai" ni maneno yanayomsaidia mtu kesho akirudi ufukweni. Omba pia akutumie picha kama faili, maana ikitumwa kawaida kwa WhatsApp inabanwa, na mawingu mepesi huanza kukatika vipande ambavyo huwezi kumlaumu navyo. Na uitazame mwanga wa kioo ukiwa wa kati. Kioo kilichowashwa hadi mwisho usiku chumbani kitakufanya uone kila wingu limeungua.

Wengi hufunga simu jua likizama tu. Bakini. Kwa robo saa hivi anga inashuka hadi kipimo ambacho kamera inakiweza bila shida, miamba na maji na mawingu vyote vinaingia kwa pigo moja. Kukiwa hakuna mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanaanza kuwasha taa zao kule mbali, moja, tatu, kisha mstari mzima. Kila taa itaungua katikati. Sijawahi kumwambia mtu azipunguze.