Winga wa ragbi ligi ni nani, na kazi yake inaendaje

Ukitaja winga Kariakoo watu wanajua unamsema yule jamaa anayekudaka njiani akupeleke duka la simu apate chake cha juu, na mtu wa mpira wa miguu akisikia winga anafikiria krosi. Huyu wa leo ni mwingine kabisa, winga wa ragbi ligi, na kwanza tulimalize hilo neno "ligi" maana ndo linachanganya wengi. Ragbi ligi sio ligi ya ragbi, ni mchezo unaojitegemea, sio ile ya kina Collins Injera, nyota wa ragbi wa Kenya. Ulianza 1895 kwenye kikao cha klabu Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, klabu za wachimba makaa na watu wa viwandani zilitaka kuwafidia wachezaji hela ya siku waliyokosa kazini, wakubwa wa ragbi wakagoma, klabu zikajitoa zikaanzisha ya kwao. Baadae wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na ule mchezo wa zamani ndo unaitwa ragbi yunioni mpaka leo.

Sheria ya kuijua ni moja tu. Timu yenye mpira ikiangushwa mara sita inauacha, kwahiyo wakishaangushwa mara ya tano kawaida wanaupiga mguu uende mbali au juu. Kufunga kunaitwa trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, pointi 4. Mawinga ni wawili, jezi namba 2 kulia na 5 kushoto, wamesimama pembeni kabisa karibu na chaki.

Watu wanadhani winga kazi yake kukimbia tu. Zamani sawa, siku hizi hapana. Wapinzani wakishapiga mpira juu yeye ndo anaruka kuudaka huku kuna pande la mtu la kilo mia linamjia mbio, akishaudaka mafowadi wake, wale wazito wa timu, bado wanarudi wanahema, basi winga huyohuyo anaubeba tena anaenda kujibamiza kwenye ukuta wa watu watatu ili timu isogee mita kumi. Hiyo kazi huwezi kuiona kwenye hailaiti ila makocha wanaihesabu kuliko unavyofikiri.

Hailaiti ni kule konani. Anapewa pasi nafasi imebaki kama upana wa mkeka, mabeki wanamsukuma nje, yeye anaruka mzima mzima, mwili wote uko hewani nje ya uwanja, miguu juu, mkono mmoja tu umerudi ndani unaugusisha mpira chini kabla sehemu yoyote ya mwili haijagusa nje. Na hiyo ni trai halali! Hewa ya nje haina kosa, kosa ni kugusa. Refa wa video anairudisha polepole weee, anatafuta kidole cha mguu kilichogusa chaki. Binafsi hata nikiangalia mara ishirini sichoki.

Sasa kama ajira. Mchukue winga Martin Offiah, mtoto wa London wazazi wake Wanigeria, alikuwa anacheza ragbi yunioni enzi ambazo yunioni hailipi, 1987 klabu ya ragbi ligi ya Widnes ikamchukua akaanza kulipwa, Januari 1992 klabu ya Wigan ikamnunua kwa pauni 440,000. Miezi michache baadae wakakutana na klabu ya Leeds, mechi ikaisha 74 kwa 6 na Offiah peke yake alifunga trai 10, ndio, kumi. 1994 Leeds haohao tena, fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la ragbi ligi, pale Wembley, aliupokea mpira karibu na mstari wa kwao wenyewe, akapenya katikati, akabaki na fulbeki Alan Tait tu, yule beki wa mwisho kabisa, akampita kwa nje akaenda kufunga konani kisha akapiga magoti kashika kichwa.

Shida ni kwamba mtaji ni spidi na spidi haikai. Msuli wa nyuma ya paja ukichanika mara mbili tatu, goti likifuata, kwenye thelathini na kitu wengi wameshaaga. Wengine wanasogezwa ndani wacheze senta, nafasi iliyo jirani na winga, wengine wanahama mchezo, kama Jason Robinson aliyetoka Wigan 2000 na 2003 akafunga trai fainali ya Kombe la Dunia la yunioni kule Sydney, England wakachukua kombe. Ila huo mlango umefunguka 1995 yunioni ilipokubali wachezaji walipwe, kabla ya hapo ukishachukua hela ya ligi unafungiwa, hurudi.

Billy Boston, winga wa zamani zaidi, aliyajua hayo vizuri. Mtoto wa Cardiff, baba yake mtu wa Sierra Leone, ndoto yake ilikuwa jezi ya Wales ya yunioni na hawakumwita, 1953 Wigan wakaja na pauni 3,000 hata miaka 20 hajafika. Alikaa Wigan miaka 15, mechi 488, trai 478, yaani karibu kila akiingia uwanjani anafunga. Alipostaafu akaendesha baa jirani na uwanja wa Central Park alikokuwa anacheza. Mwaka 2025, ana miaka 90, Mfalme akampa cheo cha Sir, mchezaji wa kwanza wa ragbi ligi kukipata, miaka 130 tangu kikao cha Huddersfield.